Mwanangu ametumia fedha za kwaya: je, niendelee kuwa mzee wa kanisa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro, huu ukiwa mwaka wangu wa 11, na nimo katika kundi la wanaohesabu sadaka kila Jumapili. Mwanangu wa kwanza ana miaka 31 na anaishi Dar es Salaam na mke wake na watoto. Alikuwa mweka hazina wa kwaya katika usharika wake wa huko, na miezi michache iliyopita ilibainika kwamba alitumia kwa shughuli zake fedha zilizochangwa kwa ajili ya vyombo vya muziki. Amekiri, na amesimamishwa huduma. Habari zimefika huku, na wapo wanaosema waziwazi kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, hivyo haifai mimi kugusa sadaka. Binti yangu alikuwa ameshaposwa; sasa mshenga amerudi kusema kwamba wazee wa upande wa kijana wanataka kwanza kuelewa nyumba yetu ni ya namna gani. Wengine wananishauri nimkane mwanangu mbele ya watu ili jina la nyumba lisalimike. Je, nijiuzulu? Nimkane? Na hao wazee niwaambie nini? Nimelelewa nikifundishwa kwamba Mkristo hujulikana kwa nyumba yake na kwa kanisa lake. Naomba jibu la Maandiko, lisiwe la kunifariji tu.

JIBU: Amina, mzee wangu. Barua yako nimeisoma kwa huzuni, kwa kuwa katika miaka yangu ya kufundisha Agano Jipya na kuhudumu usharikani nimeona nyumba kadhaa zikivunjika, na mara nyingi kilichozivunja hakikuwa kosa lenyewe bali namna ndugu na washarika walivyolishughulikia. Kwa sababu hiyo nitalijibu swali lako kwa urefu, na pale ambapo jibu langu litakuumiza naomba ujue kwamba sikuliandika kwa wepesi.

Kwanza, ulichofundishwa si uongo. Maandiko yenyewe humtambulisha mtu kwa watu wake. Marko anaposimulia juu ya Simoni Mkirene aliyelazimishwa kuuchukua msalaba, anaongeza jambo ambalo Mathayo na Luka hawalisemi, yaani kwamba huyo Simoni alikuwa baba yao Iskanda na Rufo. Kwa nini awataje vijana hao wakati hawana sehemu yoyote katika tukio lile? Ni wazi kwamba wasomaji wa kwanza wa Marko waliwajua. Paulo naye, akiwaandikia Warumi, anamsalimu Rufo, mteule katika Bwana, na mamaye, “aliye mama yangu pia”. Na wafafanuzi wengi wamedhani kwamba ni Rufo huyo huyo, ingawa hilo haliwezi kuthibitishwa. Tazama basi mwelekeo wa jambo hili, kwa maana unakuhusu wewe moja kwa moja: hapa baba ndiye anayejulikana kupitia wanawe. Mtu aliyepita njiani akitoka shamba amebaki na jina katika Injili kwa sababu watoto wake walikuwa wanajulikana kanisani. Ikiwa mtoto anaweza kumpa baba yake jina jema kiasi hicho, siwezi kukuambia kwamba kosa la mtoto halimgusi baba kabisa. Linamgusa. Swali ni linamgusa kwa namna gani, na mpaka wapi.

Angalia pia jinsi Timotheo anavyoingia katika habari ya Matendo 16. Luka anatuambia kwamba mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini na baba yake alikuwa Mgiriki, yaani nyumba yenye pande mbili, ambayo Wayahudi wengi wa wakati ule wangeitilia shaka. Baadaye Paulo atamkumbusha imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Lakini kilichomfanya Paulo amchukue safarini hakikuwa imani ya bibi wala mashaka juu ya baba. Luka anasema kijana huyo alishuhudiwa wema na ndugu waliokaa Listra na Ikonio. Ni miji miwili. Hawakumsifu watu wa nyumbani kwao pekee, ambao wangeweza kumpendelea. Walimsifu pia ndugu wa mji jirani, waliokuwa wameona mwenendo wake kwa macho yao.

Neno hilo “kushuhudiwa” ndilo ninalokuomba ulishike katika jibu hili lote. Sisi katika mazungumzo ya kila siku tunasema mtu ana jina, au ameharibu jina, au amelichafua jina la ukoo, kana kwamba jina ni nguo moja inayovaliwa na watu wengi, ambayo mmoja wao akiipaka tope wote wameonekana wachafu. Agano Jipya linapozungumzia sifa ya Mkristo hupenda zaidi lugha ya ushahidi: Timotheo alishuhudiwa, askofu imempasa kushuhudiwa mema na watu walio nje, na wale saba wa Matendo 6 walitafutwa miongoni mwa watu walioshuhudiwa kuwa wema. Ukoo wako na usharika wako, kwa maana hiyo, ni mashahidi wako. Shahidi ni mtu wa kusikilizwa, na anayemdharau shahidi hajifunzi kitu. Lakini shahidi husema alichokiona tu, na hata akisema kweli yote, yeye si hakimu. Sehemu kubwa ya maumivu yako, nionavyo mimi, inatokana na kwamba mashahidi wamepanda kwenye kiti cha hukumu, tena wakiwa na ushahidi juu ya mtu mwingine.

Haya hayakuanza leo, na pale Kilimanjaro yana historia yake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Misheni ya Leipzig aliyefika huko mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, akitumikia kwa muda mrefu Old Moshi, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe ameviweka katika uumbaji, na kwamba kanisa la Wachagga lisingesimama vema kama lingevivunja. Ninamheshimu kwa hilo. Wamisionari wengi wa wakati wake walimng'oa mwongofu katika jamii yake wakadhani wamemwokoa, naye aliona kwamba mtu asiye na ndugu hana pa kusimama. Hata hivyo kanisa likijengwa juu ya ukoo, litapokea kutoka kwa ukoo heshima yake na aibu yake pia. Katika jamii zetu nyingi deni la mmoja lililipwa na ndugu wote, na hilo liliwalinda wanyonge kwa kiasi kikubwa. Lakini hatia nayo iligawanywa vivyo hivyo, na desturi hiyo imeketi pamoja nasi kwenye mabenchi ya kanisa bila ya kubatizwa.

Nikumbushe pia upande wa pwani, ambako kanisa lilianza kwa njia tofauti kabisa. Padri Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetekwa na kufanywa mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa na wamisionari wa Kianglikana Zanzibar, na mwaka 1890 akapadirishwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata upadri. Alikuwa na ukoo gani wa kumshuhudia? Ni nani angemwendea baba yake kuuliza nyumba yao ni ya namna gani? Wengi wa Wakristo wa kwanza wa Bagamoyo, Mbweni, Masasi na Freretown walikuwa watu wa aina hiyo, waliotenganishwa na ndugu zao na njia ya utumwa, na kanisa likawa ukoo wao kwa sababu hawakuwa na mwingine. Ikiwa sifa ya Mkristo hutoka kwa jina la nyumba yake, hawa hawangekuwa na sifa yoyote. Lakini ndio walioipeleka Injili bara, na wengine walirudi kuihubiri kwa makabila ambamo walikuwa wametekwa. Nakuandikia haya kwa sababu wewe na mimi, tuliozaliwa katika nyumba zenye vyeti vya ubatizo vya vizazi vitatu, tunasahau kwa urahisi kwamba ubatizo ulikwisha kuwapa watu jina kabla ukoo haujatia neno.

Sasa nirudi kwenye ile methali ya samaki. Ni methali ya busara katika mambo ya kuambukizana tabia, kwa mfano kundi la vijana ambamo mmoja huwafundisha wenzake wizi. Ikitumiwa kumhukumu baba aliye Kilimanjaro kwa lililotendwa na mtu mzima aliye Dar es Salaam, inakuwa imebebeshwa mzigo usio wake. Nabii Ezekieli alikutana na jambo kama hili. Watu wa Israeli walikuwa na mithali yao, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu aliikataza mithali hiyo isitumiwe tena katika Israeli. Kisha sura ile ya 18 inaendelea hadi mstari wa 20, ambapo inasemwa kwa pande zote mbili kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe. Kwako wewe mambo yamegeuzwa: mtoto ndiye aliyekula, na wanataka meno ya baba yatiwe ganzi. Nabii amelikataa hilo nalo.

Lakini uliniomba nisikufariji tu, basi ni lazima tumtazame Eli, kwa maana najua kuna watu watakaokutajia jina lake, kama hawajakutajia bado. Wana wa Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa makuhani waliochukua nyama ya sadaka kwa nguvu kabla haijatolewa kwa Bwana, na nyumba yote ya Eli iliadhibiwa. Je, Ezekieli na kitabu cha Samweli vinapingana? Soma kwa makini Eli alilaumiwa kwa nini. Mashitaka dhidi yake hayakuwa kwamba amezaa watoto wabaya. Katika sura ya tatu Mungu anamwambia Samweli kwamba Eli aliujua uovu ule na hakuwazuia wanawe. Katika sura ya pili anaambiwa kwamba aliwaheshimu wanawe kuliko Mungu, na kwamba walijinenepesha kwa sadaka za watu, na lawama hiyo inamjumuisha yeye mwenyewe. Eli alikuwa kuhani, mkubwa wao kazini, akiketi pale pale hemani palipotendwa maovu hayo. Alijua, alikuwa na mamlaka ya kuwaondoa, na alikula pamoja nao. Maneno ya kuwaonya aliyasema, lakini kazi yao hakuigusa.

Weka kando yake Samweli, ambaye alilelewa katika nyumba hiyo hiyo ya Eli. Samweli alipozeeka aliwaweka wanawe, Yoeli na Abiya, kuwa waamuzi huko Beer-sheba, nao wakapokea rushwa na kupotosha hukumu. Wazee wa Israeli walipomwendea Rama walimwambia kwamba yeye amekuwa mzee na wanawe hawaendi katika njia zake. Sikiliza busara iliyomo katika maneno hayo: wazee wale, ingawa walikuja na ombi la mfalme lisilomfurahisha Samweli, walijua kutenganisha njia za baba na njia za wana. Na katika sura ya 12 Samweli anasimama mbele ya taifa zima, anataja kwamba wanawe wapo pamoja na watu, kisha bila kuwatetea anaomba ashuhudiwe yeye mwenyewe: ni ng'ombe wa nani niliyemtwaa, ni punda wa nani, ni nani niliyemdhulumu, ni rushwa ya nani niliyoipokea? Watu wakajibu kwamba hakuna. Baba mwenye wana wala rushwa alitoka katika kazi yake akiwa safi, kwa sababu alikubali mikono yake ikaguliwe mbele ya watu wote.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiwa peke yako, kabla hujaenda kwa mchungaji wako, ni kama wewe uko upande wa Eli au upande wa Samweli. Je, ulijua kabla ya wengine kwamba fedha zile zinatumika, ukanyamaza? Je, ulipokea chochote kilichotokana nazo, hata bila ya kuuliza sana kilikotoka, labda mchango wa bati la nyumba au zawadi ya sikukuu ambayo kipato cha kijana hakikuweza kuieleza? Je, uliwahi kumwombea ile nafasi ya mweka hazina kwa watu unaofahamiana nao huko, huku ukimjua tangu utoto kwamba fedha za watu hazikai salama mkononi mwake? Ikiwa kuna “ndiyo” mahali popote hapo, basi unalo la kutubu ambalo ni lako mwenyewe, wala si la mwanao, na utalifanya mbele ya mchungaji wako kabla ya kufikiria cheo. Ikiwa jibu ni “hapana” katika yote, basi umeguswa na aibu, lakini hatia haiko kwako. Na mtu mwenye aibu asiye na hatia hapaswi kuitumikia adhabu ya mwingine.

Najua umesoma 1 Timotheo 3, kwamba mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza Kanisa la Mungu, na Tito 1:6, kwamba mzee awe na watoto waaminio, wasioshitakiwa kuwa ni wafisadi. Wapo walimu wazuri wanaosema kwamba maneno haya yanamgusa mzee hata kama mtoto wake ni mtu mzima, na siwadharau. Mimi nayasoma kwa namna nyingine. Nyumba inayosemwa katika barua hizo ni ile iliyo chini ya usimamizi wa mtu, pamoja na wote wanaoishi humo na kumtii. Ndiyo maana Paulo anazungumzia kutiisha watoto katika ustahivu, jambo ambalo halifanywi kwa mwanamume wa miaka 31 mwenye mke na nyumba yake. Lile neno la Kigiriki lililotafsiriwa “waaminio” katika Tito laweza pia kumaanisha “waaminifu”. Na lile la “ufisadi”, asotia, lina shina moja na neno ambalo Luka analitumia katika sura ya 15 kuelezea maisha ya mwana aliyepotea katika nchi ya mbali. Sijawahi kusikia mhubiri akisema kwamba baba wa mwana yule hakufaa kuwa na nyumba.

Hata hivyo sishauri ubaki pale pale ulipo kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapa natofautisha mambo mawili ambayo barua yako imeyaunganisha. Uzee wa kanisa ni jambo moja, kuhesabu sadaka ni jambo jingine. Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwaambia Wakorintho katika barua ya pili, sura ya nane, kwamba anatuma pamoja na Tito ndugu aliyechaguliwa na makanisa, akijiepusha na lawama katika habari ya karama ile, akifikiri yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Paulo hakungoja kwanza ashitakiwe kwa wizi. Alijua tu kwamba fedha za kanisa huhitaji macho mengi. Basi mwendee mchungaji wako, na kwa ruhusa yake uliombe Baraza la Wazee mambo mawili kwa kinywa chako mwenyewe: kwanza kwamba utakaa kando na meza ya kuhesabia sadaka kwa muda ambao wao wataupanga, na pili kwamba vitabu vya kipindi chote ulichohudumu hapo vikaguliwe. Usiseme kwamba unajiuzulu uzee. Sema kwamba unataka kushuhudiwa. Baraza likiona, baada ya ukaguzi, kwamba kwa amani ya usharika ni vema upumzike uzee pia, utii, kwa kuwa huduma si mali yetu; lakini uamuzi huo utoke kwenye kikao chenye kumbukumbu, usitoke kwa minong'ono ya nje ya kanisa baada ya ibada. Mtu anayejiuzulu kwa sababu ya minong'ono huwa ameikubali bila kuijibu, na huwaachia watoto wake wengine mzigo wa kuieleza kwa miaka mingi.

Kuhusu kumkana mwanao, usifanye. Nalisema hili kwa nguvu kuliko yote mengine niliyoandika. Katika Yohana 9 tunasoma juu ya wazazi wa yule mtu aliyezaliwa kipofu akaponywa. Walipoulizwa na wakubwa walijibu kwamba huyu ni mwana wetu, alizaliwa kipofu, lakini jinsi aonavyo sasa hatujui. Yeye ni mtu mzima, muulizeni mwenyewe. Kila neno katika jibu hilo lilikuwa la kweli, isipokuwa huenda lile la kutojua, na bado Yohana anaturudisha kwenye sababu yake: waliogopa kutengwa na sinagogi. Waliyalinda makazi yao katika kusanyiko kwa kumwacha mtoto wao asimame peke yake. Na mwana wao alipotupwa nje, aliyemtafuta na kumwona alikuwa Yesu. Unaweza kusema mbele ya watu, kwa kuwa ni kweli, kwamba mwanao ni mtu mzima na anajibu mwenyewe kwa alilofanya. Usiseme kwamba si mwanao.

Tena kumkana hakutakiwi na wale aliowakosea. Wanachotaka wanakwaya wale ni fedha zao na ukweli. Mfikirie Barnaba na Marko. Marko aliwaacha akina Paulo huko Pamfilia akarudi Yerusalemu, na safari ya pili ilipofika Paulo alikataa kabisa kumchukua, wakati Barnaba, ambaye barua kwa Wakolosai inatuambia alikuwa binamu yake, alisimama naye hata wakaachana na Paulo kwa ugomvi mkali. Watu hupenda kuuliza ni nani kati yao aliyekuwa sahihi. Mimi naona wote wawili walikuwa na haki ya kufanya walivyofanya: Paulo alikuwa na haki ya kutomkabidhi kazi mtu aliyeiacha, na Barnaba alikuwa na haki ya kutomtupa ndugu yake. Usharika wa Dar es Salaam umefanya sehemu ya Paulo, na usiuombe uilegeze. Wewe fanya ya Barnaba. Miaka ilipopita, Paulo huyo huyo, akiwa kifungoni, aliagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Kwa vitendo, hilo lina maana ya kusafiri. Nenda Dar es Salaam, keti na mwanao na mke wake, ujue kiasi kamili kilichopotea, kisha mwambie aandike mpango wa kurudisha fedha hizo na aupeleke kwa viongozi wake mwenyewe. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kuingia Buhaya, ulijulikana kwa jambo hili kuliko kwa nyimbo zake: waliookoka walirudisha walivyoiba, hadharani, na majirani wasiokuwa Wakristo waliamini toba yao kwa sababu waliona mali ikirudi. Askofu Josiah Kibira, aliyetoka katika uamsho huo wa Bukoba na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, aliandika kwa kina juu ya uhusiano wa kanisa na ukoo katika Buhaya, na wanauamsho wale walioitana “ndugu” kuvuka mipaka ya koo wamebaki kwangu kuwa mfano bora wa kanisa ambalo lilikuwa ukoo bila ya kuficha makosa ya wanaukoo wake. Ukiwa na uwezo wa kumsaidia mwanao kulipa, msaidie, kama Paulo alivyomwandikia Filemoni kwamba deni la mtumwa wake Onesimo liandikwe juu yake yeye Paulo. Lakini usilipe yote peke yako kwa siri ili mambo yaishe haraka. Fedha ya baba inayolipwa kwa haraka hununua ukimya, na kijana hatajifunza uzito wa shilingi za wenzake waliochanga. Wala usimwombe mchungaji yeyote amwandikie barua ya uhamisho isiyotaja kwamba amesimamishwa. Kanisa la kwanza liliheshimu sana barua za utambulisho, na Fibi wa Kenkrea alipokelewa Rumi kwa maneno mawili matatu ya Paulo. Barua hizo zina thamani kwa sababu zinasema kweli, na siku moja mwanao atahitaji barua itakayosema kweli kwamba amerudi kundini.

Limebaki la binti yako, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi zaidi. Wazee wa upande wa kijana hawajakukosea kwa kuuliza. Kuchunguza nyumba kabla ya ndoa ni desturi njema, na wewe pia ungeuliza kama mambo yangekuwa yamegeuka. Usimtume mshenga na majibu, wala usingoje wayasikie kwa watu. Waalike nyumbani, au nenda kwao na ndugu mmoja mnayemwamini, na mama yake binti awepo, uwaeleze mwenyewe: nini kilitokea, nani alikifanya, amekiri nini, anarudisha vipi, na wewe umeomba nini kwenye Baraza. Kisha nyamaza, uwaache waulize. Nyumba yao pia ina watoto, na wazee wengi, wakisikia baba mwingine akisema kweli bila kujitetea, hukumbuka ya kwao. Ukiombwa barua ya usharika kwa ajili ya binti, itaandika habari zake yeye: ubatizo wake, kipaimara chake, ushiriki wake katika meza ya Bwana na katika kazi za kanisa, na kwamba yuko huru kufunga ndoa. Humo hapana mstari wa kaka yake, na haifai kuwepo. Ikiwa baada ya yote hayo watakataa, itakuwa uchungu mkubwa, nami sitaki kuupunguza kwa maneno; lakini binti yako atakuwa ameona jinsi baba yake anavyosimama, naye atalibeba hilo aendako. Muulize pia yeye mwenyewe anataka nini. Katika barua yako yote sikuona mahali ulipoandika kwamba umemuuliza.

Desemba haiko mbali, na najua mwezi huo watu wa kwenu hurudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi. Huenda mwanao anafikiria kutokuja mwaka huu. Mpigie simu mapema umwambie aje na wanawe, na Jumapili ya kwanza baada ya kufika aketi nawe kwenye benchi lile lile mnalokaa siku zote. Kama hataruhusiwa kushiriki Chakula cha Bwana kwa sababu ya adhabu aliyo nayo, abaki ameketi wakati wengine wanakwenda mbele, na wewe ukitoka madhabahuni urudi ukae kando yake.